Mayai Yenye Ufa

Daktari wa mifugo alisimama mlangoni mwa banda na karatasi ya maabara mkononi, buti zake zingali zinachuruzika dawa. "Dada, kuku wako wana bakteria wa salmonela. Yai hata moja lisitoke hapa."

"Yai langu lenye ufa hulioni sokoni hata kwa dawa," mwenye kuku alijitetea. "Muulize mteja yeyote."

"Afadhali, maana yenye ufa ndiyo mabaya zaidi. Huwa unayatupa wapi?"

Kidole gumba cha mwenye kuku kilikuwa kikipapasa yai, juu ya ufa mwembamba kama unywele. Nani atupe chakula? Wiki nzima alikuwa akimpelekea mayai hayo mama yake, aliyetoka hospitali mifupa mitupu, ayanywe mabichi kwenye maziwa.

Akapiga simu nyumbani. Mdogo wake akapokea.

"Mama anaendeleaje?"

"Tumbo linamsokota tangu jana, na mwili unachemka. Lakini usiwe na wasiwasi, dada. Yale ya leo nimemkorogea yote matatu, apate nguvu. Ameyamaliza. Kikombe ndicho hiki, nakiosha."