Mrithi wa Mzee Vasant

Siku hizi mantra, maneno matakatifu ya Kihindu, hainong'onwi tena sikioni mwa mwanafunzi. Mashine huihamisha kutoka kichwani mwa guru, mwalimu wa kiroho, hadi kwa mrithi wake, na guru habaki nayo.

Mzee Vasant, guru wa Tanga aliyekuwa mgonjwa sana, alimwomba bintiye Hansa wangoje kwanza sikukuu ya Diwali ipite ndipo waihamishe.

"Baba, ukifa nayo, silsila yetu imekwisha," Hansa alisisitiza, mpaka mzee akakubali.

Mantra ilihama salama. Lakini mzee alikuwa akiitamka kimoyomoyo kila alipombembeleza Hansa utotoni, na kumbukumbu hizo ziliambatana nayo zikaondoka. Sasa, katika kumbukumbu hizo, Hansa aliona kitoto mikononi mwake, akakipenda hadi machozi yakamlenga, kisha akatambua kwamba ni yeye mwenyewe.

Asubuhi alimpelekea mzee chai.

"Ahsante, mama. Baba yako yu hai?"

"Yu hai."

"Ana bahati. Mimi sikujaliwa mtoto."

Hansa angeweza kumrudishia mantra pamoja na kumbukumbu zake, naye afe nayo. Uani wanafunzi walikuwa wameshaketi wakimsubiri guru wao mpya. Alimfunika mzee shuka miguuni, akajifuta uso, akatoka kwenda kuwabariki.