Jina Ubavuni mwa Boksi

Kwenye ghala lile la kukodi vyumba vya kuwekea vitu, boksi halitupwi. Ukimaliza kulitumia unaliacha mlangoni. Atakayelichukua hulipiga mstari jina lako na kuandika lake.

Jana Mwatumu alitoa nguo za marehemu binti yake, Raya, akaliacha boksi mlangoni kama desturi. Alikuwa keshafika nyumbani alipokumbuka: jina lililo ubavuni Raya aliliandika kwa mkono wake mwenyewe.

Leo amerudi mbio, viatu vyake havifanani.

“Mwanangu, nipe hilo boksi.”

“Mama, si yapo mengine kibao pale?” alisema msichana aliyekuwa akipanga masufuria. “Hili nimeshalijaza.”

“Masufuria nitakubebea kichwani mpaka kwako. Nipe tu.”

Msichana alimtazama usoni, akaanza kuyatoa. Mwatumu hakungoja amalize. Alipiga magoti, akatia mate kidoleni, akausugua ule mstari juu ya jina la Raya. Wino haukutoka. Karatasi ndiyo iliyobanduka, ikaja na herufi ya kwanza kwenye ncha ya kidole. Akabaki amekiinua hewani, akiogopa kukigusisha popote.