Nafasi ya Nyumba Yetu

Siku hizi somo halifunguki mpaka kioo cha ukutani kikutazame usoni na kuridhika kwamba uko tayari. Kila nyumba imepewa nafasi moja ya mwanafunzi, na kwetu ni ya binti yangu, Hidaya. Ndiyo maana kila asubuhi redio nazima, kuku nawafungia, hata kitunguu sikaangi, asije akapiga chafya.

Leo kioo kilikuwa cheusi tangu saa mbili. Hidaya alikuna kichwa, akachungulia dirishani, akakuna tena.

“Tulia, mwanangu.”

“Nimetulia, mama. Chenyewe hakitaki.”

Nikaketi nyuma yake na ungo wangu wa mchele. Nikawa nachagua chuya moja moja, sina haraka, wala siwazi kitu.

Mara ukuta mzima ukawaka. Nyota zikajaa sebuleni, nyingi kuliko nilizowahi kuziona maishani, zikizunguka polepole juu ya makochi yetu.

“Karibu, Mama Hidaya,” kioo kikasema taratibu. “Uko tayari. Kuanzia leo nafasi ya nyumba hii ni yako.”

Mimi niliyeachia shule darasa la nne! Nikasogea mbele bila kujijua, mdomo wazi.

Ndipo nikahisi ungo unachukuliwa mikononi mwangu. Hidaya alikaa nilipokuwa nimekaa, akainamia mchele, akaanza kuchagua chuya moja moja. Sasa alikuwa ametulia kweli, ila kioo hakikumtazama tena.