Buluu ya Mzee Kamran

Uliinusa harufu ya mkojo pale mlangoni, ukakaza macho kwenye simu yako. Usikatae. Kila anayepita katika ile nyumba ya wazee ya Woodbury anajua kugeuza uso.

Mzee Kamran hakuwa na pa kuugeuzia. Kiharusi kilimnyang'anya maneno, yeye aliyefundisha michoro ya tenzi za Kiajemi maisha yake yote. Uji wa jana ulikuwa umemkaukia ndevuni, na tangu juzi kila nguo aliyovishwa aliivua akaitupa.

"Akigoma tena, achomwe sindano alale," Alvin, msimamizi wa zamu, alimwambia mhudumu Dinah. "Leo tunapiga picha za tangazo. Sitaki drama."

"Ana uchungu. Tangu Francis wa kitanda cha pili aondoke na vidonda vyake vya mgongoni, hana mwenzake."

"Francis amehamishiwa nyumba ya wazee ya Shakopee. Nitasema mara ngapi? Mvalishe huyo."

Dinah aliijua hiyo sindano: mtu hukoroma mchana kutwa, mate yakimtiririka shingoni. Akapiga magoti. "Mzee wangu, nisaidie nikusaidie. Unataka kuvaa nini?"

Mzee akafungua kitabu chake cha michoro. Mwana wa mfalme amelala juu ya zulia jekundu, watu tele wamemzunguka. Kidole cha mzee kikagusa nguo zao moja moja. Buluu. Zote buluu.

"Kumbe unataka kupendeza kama watu wa ikulu!" Dinah akacheka, akachomoa shati la buluu kabatini. Mzee akanyoosha mikono mwenyewe.

Alvin alipomwona, alipiga makofi. "Cheki buda alivyotokelezea! Wavisheni wote buluu."

Wakapangwa sebuleni, buluu tupu, marashi yamepulizwa juu ya uvundo. Picha ikapanda mtandaoni na maneno yake: *Hapa maisha yana rangi.*

Jioni simu ikalia. Alikuwa Mahin, binti wa mzee.

"Umemwona baba?" Dinah akauliza kwa furaha. "Amependeza, eti?"

Mahin hakucheka. "Dada, katika michoro aliyofundisha baba, nguo za buluu ni za matanga. Kwenye picha nimewaona wote ila Francis. Alikufaje?"

Na wewe unayesoma, una mtu wako kalazwa humo. Acha kusoma. Nenda sasa hivi, funua shuka, mtazame mgongo.