Tuta la Mifuko

Ng'ombe wa tatu alifia kwenye maji asubuhi ile, na Felista akaapa kwamba jua halitatua huku yule mkulima mkaidi, Barnaba, akiwa bado na shamba.

Felista ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji chao cha ujamaa, bondeni Kamsamba, na mchezo hakuujua. Kijito kinachoingia Ziwa Rukwa kilikuwa kimegeuka kijani kama mlenda. Samaki walielea matumbo juu. Bwana shamba alisema mvua inasomba mbolea ya chumvichumvi, ile ambayo kila nyumba ililazimishwa kuichukua huku wazee wakinong'ona kwamba inaua ardhi. Ndipo Felista alipoamuru mbolea ipunguzwe na lijengwe tuta ukingoni, kuzuia maji ya mashambani: kila nyumba ilete mfuko mtupu wa mbolea, umejazwa mchanga.

Watu wale, mabingwa wa kunung'unika, safari hiyo hawakunung'unika. Kufikia jioni tuta lilikuwa limesimama. Hata Enoka mumewe, mvivu hata wa kuhamisha kigoda, alileta mfuko akihema, ameufunga kwa kipande cha kanga kuukuu ya mkewe. Felista aliona fahari mpaka machozi yakamlenga.

Lakini kila iliponyesha, tuta lilididimia na maji yakazidi ukijani. Akaagiza mifuko zaidi. Ikaja, tena upesi.

Barnaba peke yake hakuleta hata mmoja. Na mahindi yake peke yake yalikuwa ya kijani kilichokolea. Ya wenzake yalikuwa ya njano, mahindi ya watu waliotii na kupunguza mbolea. Ushahidi gani tena ulitakiwa?

Siku ile ya ng'ombe wa tatu kijiji kikakutana pale pale kijitoni kumhukumu, mvua ikianza.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," mtu alisema kutoka nyuma.

Barnaba alisimama na mkewe na wanawe. Shamba likienda, wangekula nini?

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "mbolea yangu niliitia shimoni na mbegu, nikaifukia kama bwana shamba alivyotufundisha. Mfuko mke wangu ameufumua akashonea shuka. Ningeleta nini?"

"Wenzako mifuko wameitoa wapi?"

Barnaba akatazama chini. "Waulize wenyewe, Mama."

Watu wakakohoa. Enoka alianza kurudi nyuma taratibu, kama aliyekumbuka kazi nyumbani.

Mvua ikakaza. Upande mmoja wa tuta ukaanza kuporomoka.

"Lishikeni!" Felista alipiga kelele, na kwa kuwa hakuna aliyesogea, aliingia majini mwenyewe mpaka magotini, akaukumbatia mfuko uliokuwa ukiteleza. Ulikuwa na kipande cha kanga yake.

Alijikaza kubeba uzito wa mchanga, nusura aanguke chali: mfuko ulikuwa umenywea, mwepesi. Kanga ikafunguka. Chini yake mdomo wa mfuko ulikuwa bado umeshonwa kwa uzi wa kiwandani, na kwenye kitambaa kilicholowa chembe nyeupe za mbolea zilikuwa zikipenya na kuyeyuka vidoleni mwake.