Kibandiko Kimoja kwa Kila Nyumba

Nilikuwa nimeshafika njia panda na begi langu, mdogo wangu Zawena akanifuata akihema. Hatari ya saratani ya matiti ilikuwa ya mgao kama maji: kila nyumba kibandiko kimoja cha homoni, kinachotuliza jasho la waliokoma hedhi lakini huweza kuleta saratani hiyo. Kwetu alikivaa yeye, nami nilikuwa nahama ili abaki nacho.

"Dada, kivae wewe. Umelowesha godoro zima kwa jasho."

"Godoro lako hilo, mwaya. Mie nalala popote."

Alikuwa ameshakibandua. Nikambandikia tena, nikaondoka.

Zawena alilala vizuri miaka sita, kisha uvimbe ukaonekana kwenye titi. Daktari hakusema kama ni kibandiko kilichouleta. Tulimzika Machi. Mie bado natoka jasho. Hedhi ya binti yake Mshewa imeanza kuruka. Kibandiko cha nyumba Mshewa kakifungia kabatini, hakivai wala hakitupi.