Bangili Bado Nyekundu

Siku hizi hakuna leseni ya bodaboda bila huzuni. Kila Jumamosi wanafunzi huletwa sebuleni kwangu wakiwa na bangili ya kupimia uchungu, nami nawasimulia jinsi lori lilivyomgonga mwanangu Nestori akiwa kwenye bodaboda yake, mpaka bangili igeuke kijani.

Leo alikuja Melki, wa miaka kumi na tisa. Alitafuna karanga zangu muda wote niliokuwa nasimulia.

"Mama, bado nyekundu," akasema akiichungulia. "Wenzangu wanasema kuna pale alipokuita."

Nestori hakuniita. Alikufa palepale. Hilo la kuniita nililitunga mwaka jana, nilipochoka kukaa na wageni hadi magharibi.

Nikalisema. Nikaiga hata sauti yake, sauti ya mwanangu, mbele ya mtu anayetafuna. Bangili ikawa kijani.

"Pole sana, Mama Nestori," akasema Melki, akikung'uta maganda ya karanga kwenye zulia.

Dirishani nikamwona anaondoka na pikipiki, helmeti ameitundika kwenye kiwiko.

Mwingine akabisha hodi. Nikakohoa kusafisha koo, nipate sauti ya Nestori.